Toleo la majaribio limebadilisha sura, watumiaji wanadai ya zamani irudi. Maoni yao tuyashughulikieje?

tunza_msimbo

Wakuu, habari za kazi.

Tunatunza programu huria ya Android ya kuandika mauzo na madeni ya duka. Watumiaji wengi ni wenye maduka ya rejareja na mawakala wa pesa kwa simu. Simu zao ni za bei nafuu, skrini ni ndogo, na karibu wote wanaitumia kwa Kiswahili. Programu ipo F-Droid (duka la programu huria za Android), ila wengi hupokea faili la kusakinisha, yaani APK, kwa WhatsApp kutoka kwa wenzao.

Toleo lijalo linabadilisha sura kwa mambo matatu. Menyu iliyokuwa inafunguka kutoka pembeni imeondolewa, na badala yake kuna mstari wa vitufe vinne chini ya skrini. Kitufe cha Hifadhi kimetoka juu kulia kikashuka chini. Aikoni za kwenye orodha ya madeni zimeondolewa maandishi ili orodha isijazane.

Toleo la majaribio lipo nje na maoni yanamiminika. Mengi ni mafupi: "rudisheni ya zamani", "mmeharibu", "sioni kitu". Machache yana maelezo. GitHub, tovuti ulipo msimbo wetu, kuna tiketi (ripoti za matatizo) chache zenye madole gumba mengi. WhatsApp kuna jumbe za sauti zisizohesabika. Ndani ya timu mmoja anasema watazoea, mwingine anasema turudishe yote, na mchangiaji wetu wa muda mrefu anasema tukilitoa hivi atachukua msimbo aanzishe mradi wake.

Naomba kwa waliowahi kusimamia mambo haya: maoni haya yanachambuliwaje, tuweke swichi ya kurudi sura ya zamani au tusiweke, na nani mwenye neno la mwisho?

---

kiolesura_safi

Tunza, swali la kurudisha au kutorudisha liache kwanza. Anza na uchambuzi, kwa sababu nyuma ya "rudisheni ya zamani" huwa kuna mambo yasiyofanana kabisa, na kila moja lina dawa yake.

*Kazi imekwama.* Mtu hawezi tena kufanya alichokuwa anafanya. Hii ni hitilafu kama hitilafu nyingine. Inazuia toleo kutoka hata kama aliyeripoti ni mtu mmoja.

*Kazi imerefuka.* Anaweza, lakini kwa hatua nyingi zaidi. Hapa usibishane, hesabu. Chukua kazi tano za kila siku: kuandika mauzo, kuandika deni jipya, kupunguza deni, kumtafuta mteja, kuona jumla ya siku. Hesabu mibonyezo kwenye toleo la zamani na kwenye jipya, uandike kwenye jedwali watu walione. Kazi ya kila siku ikiongezeka hata mbonyezo mmoja, mlalamikaji ana haki, maana anaurudia kutwa nzima. Kazi ya mara moja kwa mwezi ikiongezeka mmoja, inavumilika.

*Mazoea ya mkono.* Kidole kinakwenda kitufe kilipokuwa. Kwa mtumiaji wa kila siku hili huisha lenyewe, kwa sharti kwamba mahali pa zamani hapajawekwa kitu chenye madhara. Kagueni leo hii: pale juu kulia palipokuwa Hifadhi, sasa pana nini? Kama pana Futa au Ghairi, watu watapoteza rekodi wakidhani wamehifadhi.

*Hofu.* "Sioni kitu" mara nyingi ni fungu hili. Mtu amezoea kuona jina la duka na jumla ya madeni akifungua menyu ya pembeni. Menyu haipo, anaamini madeni yamefutika. Dawa yake haihusiani na mahali pa vitufe: skrini ya kwanza baada ya kusasisha ionyeshe idadi ya wateja na jumla ya madeni, iseme wazi kwamba kumbukumbu zote zipo.

*Ladha.* Rangi, mviringo wa pembe, ukubwa wa nafasi. Pokea, shukuru, weka pamoja. Yakirudiwa na watu wengi wasiojuana, yaangalie upya.

Ujumbe mfupi hauingii fungu lolote mpaka umuulize mwenyewe. Maswali manne yanatosha: ulikuwa unataka kufanya nini? Ulibonyeza wapi kwanza? Ulitarajia kuona nini? Simu ni aina gani, na maandishi yake umeyakuza? Usiulize "hupendi nini?", utapata orodha ya ladha.

Sasa, kwa maelezo yako tu, naona sehemu tatu ambazo walalamikaji huenda wako sahihi.

Kwanza, Hifadhi chini ya skrini. Mtu anaandika kiasi, kibodi imefunguka, na kibodi inaketi palepale penye kitufe. Skrini isipopangwa ipungue kimo kibodi inapofunguka, kitufe kinafunikwa. Vilevile, programu inayolenga Android 15 inalazimishwa kuchora mpaka ukingoni mwa skrini. Msipoacha nafasi kwa ajili ya mstari wa mfumo, Hifadhi itakaa chini ya vitufe vitatu vya simu, na mtu atabonyeza "nyumbani" akitaka kuhifadhi. Kwenye simu inayotumia ishara za kidole tatizo hili halionekani sana, ndiyo maana watengenezaji wenye simu mpya hawalioni.

Pili, vitufe vinne chini. Skrini nyingi ndogo zina upana wa dp 360 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye skrini), kwa hiyo kila kitufe kinapata dp 90. "Madeni" na "Mauzo" yanaenea. "Mipangilio" yenye herufi kumi inaenea kwa maandishi ya kawaida, lakini mtu aliyekuza maandishi mara mbili ataona "Mipang…". Jaribuni kwa Kiswahili na kwa maandishi yaliyokuzwa mpaka mwisho, sio kwa Kiingereza pekee. Miongozo ya Material, yaani ya usanifu ya Google, inaruhusu vitufe vitatu hadi vitano. Vitano kwa Kiswahili kwenye dp 360 nisingevigusa.

Tatu, aikoni zisizo na maandishi. Hizo rudisheni maandishi bila kusubiri maoni zaidi. Aikoni zinazoeleweka bila neno ni chache sana: kutafuta, simu, pengine pipa la taka. "Punguza deni" haina picha inayojulikana na kila mtu. Na kama hamkuweka maelezo kwa ajili ya kisomaji cha skrini, asiyeona anasikia "kitufe, kitufe, kitufe". Eneo la kugusa lisipungue dp 48 kwa 48, na ukolezi wa maandishi dhidi ya usuli usishuke chini ya 4.5 kwa 1. Duka lililo barazani, jua la mchana likipiga skrini, hata hicho ni kidogo.

Ukisharekebisha hayo matatu, hesabu upya waliobaki wakilalamika. Hapo ndipo utajua mzozo halisi una ukubwa gani.

---

mzizi_wa_linux

Kiolesura amesema vizuri upande wa uchambuzi. Naongeza yaliyotokea kwenye miradi mikubwa, kwa sababu maswali ya swichi na neno la mwisho yamekwisha kupimwa huko mara nyingi.

KDE 4.0, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, ilitoka Januari 2008. Watengenezaji walisema ni ya wanaojaribu mapema, lakini namba "4.0" iliwaambia watu kitu kingine, na Fedora 9, mfumo mmojawapo wa Linux, ikaiweka kwa watumiaji wa kawaida Mei mwaka uleule. Maoni yaliyofuata yalikuwa makali, na mengi yalikuwa ya haki: vitu vilivyokuwa kwenye toleo la 3.5 havikuwapo. Msitegemee neno "majaribio" kwenye maelezo ambayo hakuna anayeyasoma. Lionekane kwenye jina na kwenye aikoni ya programu.

GNOME 3, mazingira mengine ya eneo-kazi ya Linux, ilitoka Aprili 2011 na kuondoa kwa pamoja mwambaa wa chini, menyu na namna ya kupunguza madirisha. Waliokataa walianzisha MATE, inayoendeleza GNOME 2, na upande wa Linux Mint ikazaliwa Cinnamon. Sura ya kale iliyotengenezwa rasmi na GNOME ilikuja na 3.8 mwaka 2013, miaka miwili baadaye, wakati walioondoka wameshaondoka. Mwaka 2021, kwa GNOME 40, mradi uleule ulibadilisha tena mpangilio wa maeneo ya kazi. Safari hiyo walitangaza mchoro mapema, wakawajaribu watumiaji, wakaeleza hadharani walichokiona na walichokibadilisha kutokana nacho. Kelele zilikuwapo, lakini hazikufikia zile za 2011. Kilichotofautisha ni kwamba watu waliiona sababu kabla ya kuliona badiliko.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Blender 2.80, programu huria ya picha za 3D, ya Julai 2019. Kwa miaka mingi Blender ilichagua vitu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kinyume na programu nyingine. Walipogeuza kuwa cha kushoto, hawakumlazimisha mkongwe. Ukiifungua mara ya kwanza inakuuliza: unachagua kwa kushoto au kulia? Kitufe cha nafasi kifanye nini? Na ndani ya mipangilio waliacha mpangilio mzima wa vibonye vya 2.7. Mgeni alipata kilicho rahisi, mkongwe hakupoteza mkono wake.

GIMP 2.8, programu huria ya kuhariri picha, ya Mei 2012 ni kinyume. Walitenganisha kuhifadhi na kutoa: Hifadhi inatunza XCF (faili la GIMP yenyewe) pekee, JPEG na PNG zinatoka kupitia Hamisha. Malalamiko yalidumu miaka. Hawakurudi nyuma, na nadhani walikuwa na sababu ya kweli, kwamba anayehifadhi kwa JPEG anapoteza tabaka zake bila kujua. Ila walipalainisha mahali watu wanapojikwaa: ukiandika jina lenye .jpg kwenye dirisha la kuhifadhi, programu inakueleza na inakupa njia ya kwenda moja kwa moja kwenye dirisha la kuhamisha. Kwa hiyo mradi unaweza kusimama kwenye uamuzi wake na bado maoni yakafanyiwa kazi.

Na tusisahau la kwetu. Wikipedia ilipobadilisha sura ya kompyuta kuwa Vector 2022, wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili walipiga kura kwa kauli moja wakiomba ya zamani irudi. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ambako sura hiyo iliwekwa Januari 2023, mjadala wa kuirudisha ya zamani ulifungwa bila mwafaka, na sura mpya ikabaki. Ambaye ana akaunti anaweza kuchagua ya zamani kwenye mapendeleo yake. Jamii ndogo ya wahariri inaposema kwa kauli moja, wanaosimamia wanatakiwa kujibu hoja moja moja, hata kama jibu ni hapana. Kura ya kauli moja isiyopata jibu lenye sababu inaharibu uaminifu kwa muda mrefu kuliko sura yenyewe.

Ushauri wangu kwenu: wekeni swichi.

---

tunza_msimbo

Asanteni sana. Nimekagua: pale palipokuwa Hifadhi sasa pana nukta tatu za menyu, na chaguo la kwanza ndani yake ni Futa. Tunalihamisha.

Kuhusu swichi, wasiwasi wangu ni kazi ya kuitunza. Na je, tukilazimika kurudi nyuma kabisa baada ya kutoa, inakuwaje?

---

toleo_thabiti

Hapa napingana kidogo na mzizi. Swichi ina gharama, na inalipwa na watu wawili watatu mnaotunza msimbo usiku. Swichi moja ni sura mbili za kujaribu. Tatu ni sura nane. Kila tafsiri, kila picha ya maelekezo, kila ripoti ya hitilafu inabidi iulize kwanza "wewe uko sura ipi?" WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, ilipoleta kihariri kipya na toleo la 5.0, Desemba 2018, iliwapa watu programu-jalizi ya kihariri cha zamani na ahadi ya kuihudumia mpaka mwisho wa 2021. Muda ulipofika ilibidi uongezwe, kwa sababu mamilioni ya tovuti yalikuwa bado yanaitumia.

Kwa mradi wenu ningeweka swichi moja tu, ya menyu: pembeni au chini. Hifadhi, aikoni na rangi zisiwe na swichi. Zirekebishwe mpaka ziwe sawa kwa wote. Swichi hiyo iwe na umri unaojulikana, matoleo mawili, na maandishi yake yaseme hivyo palepale kwenye mipangilio: "Menyu ya pembeni itapatikana hadi toleo fulani." Kabla ya kuiondoa, ulizeni upya. Mkikuta wanaoitumia bado ni wengi, tatizo lipo kwenye menyu mpya.

Kurudi nyuma kwenye Android kuna mtego ambao lazima muujue kabla ya kutoa.

Simu haikubali toleo lenye namba ya ndani ndogo kusakinishwa juu ya lenye namba kubwa. Mtumiaji atalazimika kuondoa programu kwanza, na akiiondoa, madeni yote yanafutika kama hana nakala. Mtu mmoja kwenye kikundi akisema "futa hiyo, weka hii ya zamani", maduka kadhaa yanaweza kupoteza daftari siku hiyohiyo. Andikeni onyo hili mapema na mlibandike juu ya kikundi: asiondoe mtu programu kabla ya kuhamisha nakala nje ya simu. Kurudi nyuma kwa usalama ni kutoa toleo *jipya*, lenye namba kubwa zaidi, likiwa na sura ya zamani ndani yake.

Hilo linawezekana tu kama sura ya zamani inaweza kusoma hifadhidata mpya. Kwa hiyo msibadilishe sura na hifadhidata katika toleo moja. Toeni kwanza badiliko la hifadhidata likiwa chini ya sura ya zamani, litulie, halafu sura mpya ifuate.

Saini ya kidijitali ya programu nayo. F-Droid kwa kawaida husaini kwa ufunguo wake yenyewe, isipokuwa mradi uwe umepanga ujenzi unaotoa faili lilelile kila unaporudiwa. APK mnayoisambaza wenyewe ina ufunguo wenu. Simu haitakubali moja juu ya nyingine, na ujumbe unaotokea ni "programu haijasakinishwa" bila sababu. Ripoti za namna hiyo zitakuja zimechanganyika na malalamiko ya sura, zitengeni, hazihusiani.

Toleo la majaribio lipeni kitambulisho chake tofauti, jina lenye neno Majaribio, na aikoni ya rangi nyingine. Hapo litakaa kwenye simu sambamba na la kawaida, mtu analiangalia bila kuhatarisha daftari lake. Likifunguliwa mara ya kwanza lieleze kwamba halina data zake na limwonyeshe jinsi ya kuleta nakala, vinginevyo mtazalisha fungu zima la "madeni yangu yamepotea".

Na kabla ya siku ya kutoa, andikeni masharti ya kusimamisha. Mfano: rekodi yoyote kupotea, tunasimamisha siku hiyohiyo. Katika watu watano wa jaribio, wakishindwa wawili kukamilisha kazi moja ya kila siku bila msaada, skrini hiyo inarudi mezani. Masharti yakiandikwa kabla, hakuna atakayesema yamebuniwa ili mtu fulani ashinde.

---

kiolesura_safi

Nakubaliana na swichi moja yenye umri. Kuhusu jaribio la watu watano: wape kazi, usiwape swali. Mwambie, "Mama Asha alikuwa anadaiwa elfu kumi na mbili, leo ameleta elfu tano, liandike." Kisha nyamaza. Usimwonyeshe kwa kidole, usiseme "hapo hapo". Andika alibonyeza wapi kwanza, alisita wapi, alisoma neno gani kwa sauti. Watano wawe wa aina moja, yaani wenye maduka. Mawakala wa pesa ni kundi jingine na watano wao. Simu iwe ya mtu mwenyewe, na maandishi kama alivyoyapanga.

Anayekaa kumwangalia asiwe yule aliyechora skrini. Aliyechora atasaidia tu, hata kwa macho.

---

mwanaidi_jamii

Niongezee upande wa mapokezi, maana naona jumbe za sauti zimetajwa mara moja zikapita, na kwenu huko ndiko waliko watumiaji.

Mwenye akaunti ya GitHub ana kompyuta, anajua Kiingereza cha tiketi, na pengine ni mtengenezaji. Mwenye duka hafiki huko. Mkihesabu madole gumba ya GitHub mnahesabu wasiokuwa watumiaji wenu wakuu. Kwa hiyo maoni ya WhatsApp lazima yaletwe kwenye foleni ileile, na mtu wa kuyaleta awe na zamu inayojulikana, wiki moja moja, ili asichoke.

Jedwali la kupokelea linahitaji safu chache: tarehe, njia aliyopitia, maneno yake mwenyewe, kazi aliyokuwa anafanya, aina ya simu, toleo, fungu kama alivyoyapanga kiolesura, na namba ya tiketi. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake. Mkiwa na wachangiaji wa nje, weka muhtasari chini yake, lakini usifute ya asili. "Linanirudisha mwanzo" na "linajifunga" ni hitilafu mbili tofauti, na muhtasari wa haraka huzifanya moja. Hesabu watu, usihesabu jumbe. Mtu mmoja akituma sauti sita ni mmoja.

Jambo la kuangalia kuliko yote: picha za skrini. Picha ya orodha ya madeni ina majina ya wateja na kiasi wanachodaiwa, pengine na namba za simu. Usiipandishe kwenye tiketi ya hadharani. Ifunike majina kwa rangi nzito kabisa (ukungu wa picha wakati mwingine husomeka), au uchore upya skrini ileile kwa data za mfano. Bora zaidi, wekeni kwenye programu hali ya mfano yenye wateja wa kubuni, mtumiaji apige picha humo.

Tiketi zinazofanana zifungwe chini ya tiketi mama moja. Juu ya tiketi mama kuwe na maelezo yanayosasishwa: tumesikia nini, tumeamua nini, bado tunafikiria nini. Kila unayemfungia tiketi mpe kiungo na sentensi moja ya sababu. Kufunga kimyakimya kunaonekana kama dharau hata kama hukukusudia.

Kuhusu majibu, haya mawili yanaweza kunakiliwa.

Kwa ujumbe mfupi: "Asante kwa kutuambia. Tunataka kujua kilichokukwamisha hasa. Ulikuwa unataka kufanya nini, na ulibonyeza wapi kwanza? Madeni yako yote yapo salama, usiondoe programu."

Kwa uamuzi wa hapana: "Tumelijadili ombi lako la kurudisha kitu fulani. Tumeamua kutorudisha kwa sababu hii. Tumebadilisha hiki na hiki ili kazi yako isirefuke. Ukiona bado imerefuka, tuandikie hatua unazopitia, tutaifungua tena."

Msimwambie mtu "utazoea". Hata kama ni kweli, haimsaidii leo, na wengine wanaosoma wanasikia kwamba hamna mpango wa kusikiliza.

Matusi nayo: tenganisheni lugha na hoja. Ujumbe wenye tusi na maelezo mazuri ya hitilafu, nakili maelezo kwenye tiketi safi, kisha mjibu mwenyewe faragha kuhusu lugha kwa mujibu wa kanuni za mradi. Akirudia, kanuni zifuatwe. Mtunzaji aliyetukanwa asiwe ndiye anayemjibu.

---

tunza_msimbo

Dada Mwanaidi, asante, hilo la picha hatukuwa tumelipangia. Limebaki suala la neno la mwisho. Baadhi wanataka tupige kura kikundini. Na huyu mchangiaji anayetaka kujitenga?

---

mzizi_wa_linux

Kura ya "mpya au ya zamani" usiipige. Inalazimisha watu kuchagua kambi kuhusu mambo matatu tofauti kwa mpigo mmoja, na atakayeshindwa atabaki na kinyongo. Ulizeni kuhusu kazi: "kuandika deni, ipi imekwenda haraka kwako?" Hiyo ni taarifa, na uamuzi unabaki kwa watakaoutunza msimbo.

Ila uamuzi huo lazima uwe na mwenyewe na uandikwe. Waraka wa ukurasa mmoja ndani ya msimbo: tatizo lilikuwa nini, njia zilizofikiriwa, iliyochaguliwa, maoni yaliyopokelewa na yalivyobadilisha nini, nani ameamua, tarehe. Uachwe wazi kwa maoni siku 14, halafu ufungwe. Yatakayokuja baadaye bila jambo jipya yanaelekezwa kwenye waraka. Yenye jambo jipya yanaufungua.

Mchangiaji, mchukulieni kwa uzito. Leseni inamruhusu kujitenga, na si usaliti. Mwombeni aandike ni kazi gani hasa imeharibika. Mara nyingi mkongwe kama huyo ndiye pekee anayejua kwa nini kitufe kiliwekwa pale awali. Mkimpa jukumu la menyu ya pembeni kwa yale matoleo mawili, kuna uwezekano akabaki. Akienda, kubalianeni mambo mawili kabla hajaondoka: muundo wa faili la nakala ubaki mmoja ili mwenye duka aweze kuhama bila kupoteza daftari, na tafsiri za Kiswahili ziendelee kushirikiwa. Na jina pamoja na aikoni viwe tofauti, vinginevyo malalamiko ya huko yatakuja kwenu.

---

mwanaidi_jamii

Kwenye tangazo la toleo, msianze na "tumeboresha muonekano". Anzeni na mahali vitu vilipohamia, kwa mistari mifupi inayoweza kusomwa kwa sauti kikundini:

"Hifadhi: sasa iko chini ya skrini, juu ya kibodi. Menyu: sasa ni vitufe vinne chini. Ukitaka ya pembeni, fungua Mipangilio, bonyeza Menyu, chagua Pembeni. Madeni yako hayajaguswa. Usiondoe programu. Ukikwama, tuma sauti kwa namba ya kikundi, useme ulikuwa unafanya nini."

Chini yake wekeni picha mbili, ya zamani na mpya, zenye mishale, kila moja isizidi KB 100 ili isimle mtu bando. Tangazo litoke siku mbili tatu kabla ya toleo, na wasimamizi wa vikundi walipate kabla ya watu wengine. Wao ndio watakaoulizwa kwanza.